Chupa za Bi Naetwe

Mtambo hutunza ulichotia. Ndivyo mama yenu alivyomjibu yule fundi aliyetaka kupaka rangi juu ya ukuta wenye ufa, nanyi mkaniuliza, bibi, mtambo gani? Kaeni niwaambie ilikoanzia, ingawa kila nikiisimulia damu inanichemka.

Huku kwetu Upare, mwanamke aliyejifungua hupelekewa kinywaji cha tangawizi mbichi iliyotwangwa, mchaichai na ndimu. Hakuna aliyekijua kama Bi Naetwe. Lakini siku ya pili tu kilikuwa kimeshachacha, na ukikichemsha ili kikae, ladha inaondoka na mvuke. Wazazi wa vijiji vya mbali walikuwa wakikisikia tu.

Kikundi chetu cha akina mama kikapata nafasi katika kiwanda kidogo kule mjini, kwa binti mmoja aitwaye Elieshi aliyesimamia mtambo. Chupa za plastiki zilizofungwa ziliingizwa kwenye tangi nene la chuma lililojaa maji, kisha maji yale yakakandamizwa kwa nguvu za ajabu mpaka yakazibana chupa kila upande. Moto haukuwamo. Vijidudu vilikufa, ladha ikabaki, na kwenye friji kinywaji kikakaa wiki nyingi. Tulipoonja chupa ya kwanza tulipiga vigelegele. Picha ya Bi Naetwe ikabandikwa kwenye kila chupa, naye akaionea haya kama bibi harusi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mrindoko. Tulimchagua kwa kuwa alikuwa na pikapu. Kumbe pikapu si akili!

Zahanati ilipokaribia kufungua wodi ya wazazi, tukaombwa kinywaji. Tulitwanga tangu alfajiri, tukajaza pipa, tukamngoja Mrindoko alipeleke mjini. Hakutokea. Alikuwa harusini na gari lake. Pipa likashinda juani, likalala, na alipokuja kesho yake povu lilikuwa limesimama juu. Bi Naetwe akasema limwagwe. Mrindoko akaitikia, tena kwa upole, kisha akalipakia na kulipeleka kiwandani. Elieshi alipomuuliza kilitwangwa lini, akajibu bila kupepesa macho, "Asubuhi hii."

Siku ya sherehe chupa zilipangwa mezani, safi, zinang'aa, ilhali sisi hatukuwa tumetwanga pipa jingine. Wazazi walikuwa vitandani na vichanga vyao, wengine wameshanyoosha mikono. Sasa mnajua desturi yetu: mgeni hapewi kikombe kabla aliyekileta hajaonja. Bi Naetwe akafungua chupa, akainusa. Uso ukambadilika. Akamimina kikombe, akampa Mrindoko mbele ya watu.

"Onja, mwenyekiti."

"Aa, mama, leo tumbo langu si zuri."

"Tumbo lako si zuri. Na la mzazi wa jana?"

"Lakini kimepita kwenye mtambo, mama! Mtambo unaua kila kitu."

"Basi kunywa."

Hakunywa. Alipoona hana pa kutokea, akamgeukia Elieshi, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo.

"Huyu binti ndiye aulizwe. Mtambo wake umeharibika."

Elieshi akasimama, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Mtambo wangu haujaharibika! Uliniambia kimetwangwa asubuhi. Vijidudu nimeviua, uchachu siwezi kuuondoa. Mtambo hutunza ulichotia, baba, na wewe ulitia uvundo na uongo."

Mrindoko akakiweka kikombe chini, akatoka. Uenyekiti tulimvua palepale wodini. Lakini kilichoniuma mimi ni Bi Naetwe. Alikaa kwenye benchi, akabandua picha yake kwenye chupa moja baada ya nyingine. Jina la mama mtu mzima, alilolilinda maisha yake yote, kumbe lingeweza kuuzwa kwa sababu ya ngoma za harusi! Msiniambie nisikasirike.

Akina mama wale walirudi nyumbani bila kinywaji. Na yule wa kitanda cha mlangoni, ambaye mkono wake ulikuwa karibu kukigusa kikombe, ni huyu mama yenu. Kichanga kilichokuwa kifuani pake ni wewe, Nanzia.

Kwa hiyo fundi akija tena na kopo lake la rangi, mwonyesheni ule ufa, mmwambie: mtambo hutunza ulichotia.