Sare Mbele ya Kamera

Kwa kuonya wazazi wenzake, mama mmoja, fundi wa sare za shule, hakuwa na mpinzani mtaani. Mteja aliyeingia karakana na mtoto alipata onyo kwanza, vipimo baadaye: mtandaoni kuna chui waliovaa ngozi ya kondoo, simu si mchezo. Bintiye wa miaka kumi na mmoja, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, hakuwa na simu. Ya baba aliiazima nusu saa tu, mama akiwa ubavuni kama askari wa zamu.

Simu ya fundi mwenyewe ilikuwa na kazi nyingine. Kila alasiri aliisimamisha dirishani, akaingia mubashara kuonyesha nguo alizoshona. Watazamaji walimpenda, kwa maana hakuweza kutunga uzi bila kutunga na utani. Sindano akirudi shuleni alivaa sketi mpya, akazunguka mbele ya kamera, mama akisifu upindo na binti kwa pamoja. Wateja waliongezeka na nyumba ikawa na furaha.

Siku moja Sindano alichelewa kwa sababu ya zamu ya kufagia darasa. Alipokuwa akitua mkoba, ujumbe wa mtazamaji aliyejiita Mjomba Mwema ulitokea kwenye kioo cha simu: "Sindano, leo umechelewa. Nilikusubiri duka la vifungo nikupe zawadi, sikukuona."

Fundi alizima matangazo. Hofu ikageuka hasira, na hasira ikamwangukia aliyekuwa karibu. Alitaka kujua mtoto ametumia simu ya nani, ameongea nini, tangu lini. Sindano alilia, akaapa, kisha akasema polepole:

"Mama, mimi sijamwambia mtu. Wewe ndiye huwaambia kila siku."

Baba, mwoka mikate aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na unga kwenye nyusi, alishauri watazame rekodi kabla ya kumhukumu mtoto. Wakaketi watatu. Katika rekodi ya kwanza fundi alikuwa ameisogeza beji karibu na kamera ili mshono uonekane, na jina la shule likasomeka herufi kwa herufi. Katika ya pili alivitaja vipimo vya binti yake kama anayetaja bei ya kitambaa. Katika ya tatu mteja aliulizia vifungo, naye akajibu akicheka kwamba Sindano hutoka saa tisa na nusu na kuvipitia dukani, peke yake. Mjomba Mwema hakukosekana hata siku moja. Aliuliza maswali madogo madogo, na fundi akamjibu na kumshukuru.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimvuta binti yake kifuani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakupekua wewe, kumbe mlango nimeuacha wazi mimi."

Hawakulaza damu. Walihifadhi ushahidi wote, wakapiga ripoti polisi na kwa wenye mtandao, wakamweleza mwalimu mkuu, kisha wakaziondoa rekodi hadharani. Baba akawa anampokea Sindano getini. Wiki haikuisha, Mjomba Mwema akakamatwa akirandaranda karibu na duka lile. Usiku huo fundi alilala usingizi wa pono.

Matangazo yaliendelea, ila sketi sasa huvaliwa na sanamu la sponji lisilo na shule wala saa ya kurudi. Sindano hukaa nyuma ya kamera, na mama akitaka kuteleza ulimi, yeye hukohoa. Siku nyingine hukohoa mara tatu, wote wawili wakaangua kicheko. Wateja hawakupungua.

Mwalimu mkuu alipowaita wazazi kulizungumzia jambo lile, fundi aliomba kusema. Wengi walijiandaa kwa mahubiri kuhusu watoto wa siku hizi. Badala yake aliyasimulia makosa yake, moja baada ya jingine, bila kujipendelea.

"Kabla hatujapekua simu za watoto," alimalizia, "tupekue zetu."

Kisha baba mmoja wa safu ya mbele alitoa simu yake, akaifungua, akaanza kufuta picha za mwanawe. Wa pili akafuata, na wa tatu, mpaka ukumbi mzima ukawa umeinamia viganja vyake. Hakika, amulikaye nyoka huanzia miguuni pake.