Harufu Kwenye Suti ya Sherehe

Mgema akimwagiwa sifa, huanza kumwona mnywaji mjinga. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye kituo kimoja cha petroli, ambaye wateja walimbandika jina la Mnyoofu.

Tangu ujana Mnyoofu alikuwa mjazaji mafuta kwenye vituo vya watu. Sheria mpya ilipowafungulia wananchi wa kawaida biashara hiyo, akapata leseni yake. Aliuza kwa haki. Mamlaka ya mafuta ikamsifu mbele ya waziri, ikakiita kituo chake cha mfano, na wakaguzi wakaacha kukisumbua. Basi kichwa kikamvimba.

Mkewe ndiye aliyeingiwa na shaka. Kila jioni mume alirudi akinuka mafuta ya taa, na nyumbani kwao walipikia gesi. Akaamua kwamba kuna mwanamke mahali, tena mwenye jiko la mafuta ya taa. Alikagua kola, akapekua mifuko, akanuna wiki nzima. Hakuambulia hata unywele.

Sherehe ya kumtuza tena mumewe ilipokaribia, aliona doa la grisi kwenye suti. Akachovya kitambaa katika petroli ya kituo chao, akasugua. Petroli safi hukauka ikaondoka na grisi. Hii ilitandaza doa, ikaacha harufu ile ile. Alifurahi kwamba hana mke mwenza, kisha akaogopa kweli.

“Baba watoto, unachanganya mafuta ya taa kwenye petroli,” alimwambia akimwonyesha doa. “Wakitunyang’anya leseni tutakula nini?”

Mnyoofu hakukana. Alisema serikali imepunguza kodi ya mafuta ya taa kwa ajili ya maskini, na yeye alikuwa maskini juzi tu.

“Nimesifiwa na waziri, mke wangu. Nani atanipima?”

Mke alimsihi avae shati tu. Mume hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alivaa suti, akajimwagia manukato.

Ukumbini, mkuu wa wakaguzi alimkumbatia kwa furaha. Akanusa bega, akanusa tena, akauliza kwa upole suti ile imesafishwa kwa kitu gani.

Mnyoofu aliona hata hapo pana sifa ya kuokota. “Kwa petroli ya kituo changu, mheshimiwa.”

Hotuba hazijaisha, pampu zake zilikuwa zimepimwa na kufungwa minyororo, na leseni imechukuliwa. Mkewe alimpokea mlangoni, akamvua koti. Hakika, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.