Kiti cha Pili cha Kushukia Mwezini

Haya, sogeeni, na anayependa kuamua mambo ya wenzake akae mbele kabisa, maana leo atapata kazi.

Walikuwako wanaanga wanne waliokuwa wakiuzunguka mwezi. Nahodha wao, Zamoyoni, ndiye pekee aliyejua kukiendesha chombo kidogo cha kushukia, na chombo hicho kilikuwa na viti viwili tu. Mpango ulikuwa rahisi: angeshuka mara tatu, kila safari na mwenzake mmoja, mpaka wote wameukanyaga mwezi. Nyanzala alikuwa na masikio yasiyopitwa na kitu; kwao Magu alijua gari la nani linakuja kabla halijakata kona. Makame wa Unguja alikuwa na subira ya kushona kofia ya mkono mahali ambapo hata sindano ukiiachia inaelea na kukukimbia. Naye Mutiso wa Machakos alikuwa mtu wa kutenda kwanza, maelezo baadaye, tabia iliyomtia nahodha wasiwasi tangu siku ya kwanza.

Siku moja Nyanzala alikuwa zamu ya kuzungumza na nyumbani. Binti yake alikuwa redioni akimsimulia jinsi jino lilivyomtoka, na mama anacheka. Mara akaacha kucheka, akatega sikio. Chini ya sauti ya mtoto palikuwa na mluzi mwembamba ambao jana haukuwapo. Akaikata redio, mtoto yuko katikati ya neno.

"Nahodha, hewa inavuja," akasema.

Zamoyoni akatazama kipimo, akaona kimetulia. Baada ya kitambo mshale ukaanza kushuka.

Haya, inavuja, lakini wapi? Katika chumba cha bati mluzi hutoka kila upande. Makame akachukua kofia yake, ile aliyoishona miezi yote hiyo ili aivae siku ya kushuka, akaanza kuifumua. Zamoyoni aliona uchungu kumtazama. Makame akaziachia nyuzi hewani, huku moja, kule nyingine, kwa kuwa mahali pasipo na uzito uzi huifuata hewa inakokwenda. Zote zikajikokota kuelekea nyuma ya kabati la chakula.

"Ni pale," akasema.

Mutiso hakungoja. Aling'oa kabati, akaliona tundu lililotobolewa na kijiwe kidogo kama punje ya mtama. Kiraka kilikuwa chumba cha pili, na hewa inazidi kwenda. Akabandika kiganja juu ya tundu, na utupu wa nje ukaanza kumfyonza nyama.

"Leteni hicho kiraka," akasema, ameuma meno. "Mkitaka kunywa chai kwanza, nyweni."

Alikaa hivyo mpaka Zamoyoni aliporudi na kiraka, wakaliziba tundu. Kiganja kilivimba kikawa cheusi, ingawa kwa taabu glavu ya suti ya kushukia iliingia, hivyo hata yeye bado angeweza kushuka.

Wakapona wote. Lakini kila safari ya kushuka ilihitaji hewa yake, na ukitoa ile ya kurudia duniani, iliyobaki ilitosha safari moja tu. Zamoyoni akawaambia.

"Mchukue Mutiso," Nyanzala akasema. "Mkono wake ndio uliotuokoa."

"Mkono ningeubandika wapi bila nyuzi za Makame?" akauliza Mutiso.

"Na mimi ningefumua kofia kwa lipi, kama Dada Nyanzala asingesikia?" Makame akasema, huku akikusanya nyuzi zake.

Zamoyoni alitamani wagombane. Wangegombana, angemnyima mwenye makelele, mambo yakaisha. Lakini walisema kwa upole, na kila mmoja alipokwisha kusema aligeuka kuutazama mwezi dirishani.

Kituo cha duniani kikauliza nani anashuka na nahodha. Zamoyoni akavaa suti yake, akafungua mlango wa chombo kidogo. Alijua kwamba akitaja jina moja, wawili watarudi nyumbani wakiwa wameyaona mashimo ya mwezi kwa karibu, na hawataukanyaga maisha yao yote. Akawageukia.

Mimi namwacha hapo mlangoni. Na msiniambie wapige kura, mmesikia wenyewe kila mmoja anampigia nani. Wewe uliyekimbilia kukaa mbele: ungekuwa Zamoyoni, ungemwita yupi? Na wale wawili ungewaambia nini?