Pilipili Juu ya Jeneza

"Cha mtu, mlango mmoja, cha wote, milango yote."

Bi Zuwena alimrushia mjukuu wake Kombo methali hiyo alipomkuta anachora ukutani kwa chaki za shule. Kombo akajitetea kuwa chaki si za mtu, ni za shule. Kisha akauliza maneno hayo yametoka wapi.

Yaliletwa na Mbaruku, bibi akasema, muuza pilipili wa Kizimbwe, aliyejigamba kila baraza kwamba tangu azaliwe hajala cha mtu, hata embe lililodondoka njiani.

Na cha mtu kweli hakula. Ila mwaka mmoja mvua zilimwozeshea pilipili, akaliona jeneza la msikiti limeegemea ukuta, halina kazi, maana mji mzima una afya. Akalibeba kweupe, akalianikia pilipili uani kwake. Aliyemuuliza alijibiwa kuwa jeneza ni la wote, na yeye ni mmoja wa wote.

Akafa mama mkwe wake. Maiti akaoshwa, akakafiniwa, alasiri ikapita, jeneza halionekani. Lilipopatikana, wachukuzi walipiga chafya hadi makaburini. Haikujulikana nani analizwa na msiba na nani na pilipili.

Baada ya maziko Mbaruku akamwendea Shehe Muhidini, imamu, kuomba radhi.

"Ungechukua kanzu yangu, ningekusamehe hapa hapa," shehe akasema. "Cha wakfu sina ruhusa ya kukisamehe. Wenyewe ni mji mzima."

"Hata Mauya kipofu, shehe? Hakuona kitu yule."

"Alipiga chafya. Nenda."

Watu walidhani atahama. Mbaruku akakaza kikoi, akaanza nyumba ya kwanza. Wako waliomsamehe upesi, wako waliomsimamisha juani kwanza. Mlango wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe. Mkewe, binti wa marehemu, alimsikiliza komeo likiwa limefungwa, akamwambia arudi kesho. Akarudi. Akaambiwa kesho tena. Akarudi, mpaka komeo likatoka.

"Ndiyo maana nyumba hii," Bi Zuwena akamalizia, akijiweka sawa mkekani, "haiingii cha wote."

Kombo aliinua pindo la mkeka. Herufi zilizosukwa zilisomeka vizuri: WAKFU, MSIKITI.

"Nimeuazima tu, wa maulidi."

"Maulidi ya lini, Bibi?"

Bi Zuwena akainuka, akaukunja mkeka, akautia begani.

"Lete viatu vyangu. Na chaki zako uzichukue, tunapitia shuleni. Cha mtu, mlango mmoja..."

"Cha wote," Kombo akaitikia, akikusanya chaki, "milango yote."