Ukili Uliovunjika Mara Tatu

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini galaksi iliyomo katika kitabu chenu cha sayansi imejizungusha kama mkeka wa mviringo. Kitabu kinaeleza kwa nguvu za uvutano, na kinaeleza sawasawa. Sina la kukisahihisha. Lakini yako maelezo mengine, ya watu waliosuka mikeka kabla ya vitabu. Nitawapa kama nilivyopewa na bibi yenu.

Zamani, mbingu ilipokuwa bado karibu, nyota zote zilikuwa ukili mmoja ulionyooka, yaani utepe wa kusukwa, kama ule wa majani ya mkindu ambao akina mama huushona ukawa mkeka. Aliyeusuka ni kizee wa juu, Bi Mize. Kila neno lililotamkwa duniani lilimfikia kama jani la mwanga, naye akalisuka. Upande mmoja ukili ulirefuka. Upande wa pili ulifika ukingo wa mbingu, ukaning'inia, ukakatika, na kila kipande kilichokatika kilikuwa maneno yaliyosahaulika. Ndiyo maana siku hizo mtu akifa, baada ya mwaka mmoja hapakuwa na aliyekumbuka alichowahi kusema. Watu walilizoea hilo.

Mbaruku hakulizoea. Mkewe, Mwanamkasi, msukaji hodari, alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla. Asubuhi moja Mbaruku alikaa kunywa uji, akatafuta kichwani maneno ambayo mkewe alimwambia kila alipompa bakuli. Yalikuwapo, lakini yalikuwa yamefifia. Alijua umebaki mwezi mmoja.

"Shemeji," jirani yake Bi Chiku akamwambia, "hata mimi maneno ya mume wangu siyakumbuki, na alikuwa na domo kuliko redio ya sokoni itakayokuja kuzaliwa. Kunywa uji, unapoa."

Mbaruku aliuacha uji, akapanda mlima hadi mbinguni, akapiga hodi.

"Karibu, ila usikanyage ukili," alisema Bi Mize bila kuinua kichwa. Alipoelezwa shida, alionyesha kwa kidevu. "Maneno yake yale pale, karibu na ukingo. Mikono yangu ni miwili na yote inasuka. Ukiweza kuuzuia, uzuie."

Mbaruku akauvuta ukili kutoka ukingoni, akaukunja kama mtu anavyokunja shuka: huku, kule, huku. Lakini ukili mkavu haukunjwi. Kila ulipokunjika ulivunjika, ukatoa vumbi jeusi. Katika mkunjo wa tatu alihisi kitu kimemtoka kichwani. Lilikuwa jina ambalo Mwanamkasi alimwita walipokuwa wawili tu. Alilitafuta, hakulipata.

Bi Mize akamtazama kwa mara ya kwanza. "Umeishi na msukaji miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja, bibi."

"Na hujui ukili unavyowekwa?"

"Nilikuwa naikalia tu mikeka yenyewe."

Kizee akacheka, kisha akanyamaza, maana aliona Mbaruku analia.

Mbaruku akaketi. Safari hii hakujaribu kukumbuka maneno, bali mikono. Mwanamkasi alikuwa akilowesha ncha ya ukili, akaizungusha kuwa kitovu kidogo, kisha akaulaza ukili pembeni mwake, mzunguko baada ya mzunguko, akigeuza mkeka, si mkono. Hakuna mahali ulipokunjika. Mbaruku hakuwa na maji. Akailowesha ncha kwa yaliyokuwa usoni mwake.

Ncha yenyewe haikuwa ya Mwanamkasi. Yalikuwa maneno ya mwanamke wa mbali, akimwita mtoto wake aje kula. Mbaruku angeweza kuyakata, aanze na ya mkewe. Aliyatazama kwa muda, kisha akayaweka katikati, kwa kuwa yuko mtu mahali fulani aliyekuwa akiyahesabia siku. Maneno ya Mwanamkasi yaliingia katika mzunguko wa nne, yote isipokuwa lile jina.

"Nifunge ukingo?" akauliza.

"Ukifunga ukingo, mimi nitasuka wapi? Uache wazi."

Na tangu siku hiyo, galaksi huanzia kwenye kitovu na kujizungusha kwenda nje, na ncha yake haifungwi. Mkeka mmoja ukitanda sana, Bi Mize huanza mwingine. Michirizi myeusi mnayoiona kati ya nyota ni vumbi la mikunjo ile mitatu. Galaksi huzunguka polepole kwa sababu ni mkeka unaogeuzwa, si mkono. Nasi tunawakumbuka wafu wetu, ingawa kila mmoja wetu ana neno moja aliloshindwa kulipata tena.

Ule mkeka uliotundikwa ukutani, wenye ukili unaoning'inia, ndio uliokuwa mikononi mwa bibi yenu alipofariki. Mama yenu ameniuliza mara mbili kama tuufunge ukingo. Nimemwambia uachwe wazi.