Pikapu ya Tusekile na Shemeji Yake

"Panapotetema sipo penye kosa."

Vijana walikuwa wametoka kuusikia msemo huo kwenye kikao cha bomba la maji, pale mwenyekiti alipowazuia watu wasimfukuze mlinzi kabla ya kuchunguza. Walipofika nyumbani walimkuta Bibi Subilaga barazani akichambua maharage, wakamuuliza msemo huo umetoka wapi. Bibi akasogeza ungo pembeni. Akawaambia kwamba huo si wa wahenga wa kale. Umetokana na gari, hapa hapa Rungwe, na wahusika aliwafahamu. Chanzo chake ni hiki.

Tusekile alifiwa na mumewe akiwa bado na nguvu zake. Aliachiwa watoto, shamba la migomba na pikapu kuukuu iliyobabuka rangi. Gari hilo liliendeshwa na Gwakisa, mdogo wa marehemu. Alipeleka ndizi na viazi soko la Tukuyu, akarudi na chumvi, sabuni na habari za mjini. Masika yalipovujisha paa la jikoni, Gwakisa ndiye aliyepanda kuliziba bila kuombwa. Watu walisema Tusekile amefiwa lakini hakuachwa.

Basi siku moja Tusekile alikuwa akirudi naye kutoka sokoni, gari tupu, wakashika barabara ya lami. Kasi ilipoongezeka kidogo, sakafu ikaanza kunguruma chini ya miguu yao. Kiti kikatetema, na kioo cha pembeni kikatikisika hata barabara iliyoonekana ndani yake ikawa kama maji.

"Shemeji, gari lina nini?"

"Hata mimi nashangaa," akajibu Gwakisa. "Asubuhi nilipokuwa na mzigo lilikuwa limetulia."

Jibu hilo halikumwingia Tusekile. Gari gani linaloumwa likiwa halina kazi, likapona likitwishwa mzigo? Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Kila alipopanda yeye kurudi nyumbani lilitetema. Kila alipouliza habari za safari ya kwenda, aliambiwa lilitulia.

Jirani mmoja akamwongezea moto. "Dada, wewe unalala tu. Shemeji yako anasombea watu mawe ya msingi kwa gari lako. Usiniulize nimejuaje."

Tangu hapo Tusekile hakuwa na raha. Gari likirudi, alizunguka nyuma akapapasa sehemu ya kubebea mizigo kwa kiganja, akitafuta vumbi la mawe. Akikuta changarawe, alisema moyoni, haya ndiyo. Asipokuta kitu, alisema, amefagia. Gwakisa akichelewa, alikuwa kwenye mawe. Akiwahi, alikuwa anaficha kitu. Akicheka na watoto, Tusekile aliona anawanunua.

Alilipeleka gari kwa fundi Anyelwisye. Fundi akapima magurudumu, akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, akaingia uvunguni kukaza kila nati. Tusekile aliketi juu ya tairi bovu pale gereji kutwa nzima, asitoe macho kwenye mikono ya fundi, asije akabadilishiwa vyuma.

"Mama, sioni kilicholegea," fundi akasema mwishowe.

Tusekile akaondoka akiwa na mshukiwa wa pili. Kumbe Gwakisa na fundi walicheza mpira pamoja zamani!

Akaamua kumfumania. Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, alimsubiri Gwakisa njia panda, akasimamisha gari likiwa limesheheni ndizi, akapanda. Walipofika kwenye lami gari likateleza kimya kabisa. Tusekile akamtazama shemeji yake miguu, akamtazama mikono. Hakuona hila yoyote, na hilo likamtia shaka zaidi. Walipokwisha kushusha mzigo wakaanza kurudi, na mtetemo ukaanza pale pale.

"Unafanya makusudi," Tusekile akasema.

"Nafanya nini?"

"Unajua unachofanya. Ukiwa na mzigo wako unaendesha kiungwana. Nikipanda mimi, unalitesa gari ili nichoke, nikuachie liwe lako. Na hayo mawe unayobeba, nimeyasikia."

Gwakisa akasimamisha gari kando ya barabara. Akazima injini, akaweka ufunguo juu ya kiti, akashuka. Hakufunga mlango kwa nguvu. Alishika njia kwa miguu kuelekea kwake, na Tusekile akabaki humo mpaka alipopata mtu wa kumwendeshea.

Jumapili iliyofuata Tusekile aliyarudia maneno hayo mbele ya wazee wa ukoo. Gwakisa alipotakiwa kujibu, alisema, "Mke wa kaka yangu akishaniona mwizi, nijibu nini?" Mkewe, Atu, akatoka kikaoni analia.

Tusekile akamchukua dereva mwingine, Ipyana, mgeni kutoka Kyela asiyemjua Gwakisa wala fundi. Safari ya kwanza walikwenda pamoja. Kwenda na mzigo, gari kimya. Kurudi, sakafu ikanguruma.

Hapa hapakuwa na shemeji.

"Geuza," akamwambia Ipyana. "Twende kwa fundi."

Safari hii hakukaa juu ya tairi. Alimweleza fundi yote, hata lile alilokuwa haliamini: kwamba gari hutulia likiwa na mzigo.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?" fundi akauliza.

"Nilijua ni uongo."

Fundi akalala chini, akaitazama propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kisha akawaita akina mama waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma, akawaomba wapande nyuma ya gari. Wakapanda wakicheka. Gari likashuka kitako.

"Mama, inama uone. Propela ina viungo, kama goti. Sasa imenyooka. Nyie mama, shukeni." Wakashuka, na kitako kikainuka. "Umeona goti linavyopinda? Likizunguka limepinda hivyo, lazima litikise gari zima. Nyuma pameinuliwa mno. Nani aliongeza vyuma kwenye springi?"

Tusekile akakumbuka. Kabla mtetemo haujaanza, Gwakisa aliposafiri kwenda msibani, yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka gari kwa fundi mwingine akaongezewa vyuma, ili libebe mikungu mingi zaidi. Kwake lilikuwa jambo jema, na hakuliwaza tena.

"Ni mimi," akasema.

Vyuma vikatolewa. Gari likarudi nyumbani tupu, likiwa kimya, na Tusekile akalia njia nzima.

Hakwenda kwa Gwakisa kimyakimya. Aliomba wazee wale wale wakutane, kwa sababu aibu aliyoimwaga hadharani haikufaa kuzolewa uvunguni. Akasimama mbele yao.

"Mtetemo niliusikia chini ya kiti cha dereva, nikamkamata dereva. Kumbe kosa lilikuwa nyuma, nami ndiye niliyeliweka kwa mkono wangu. Na hayo ya mawe niliyaokota tu kwa jirani. Shemeji, nisamehe."

Gwakisa akasema, "Ungeniuliza tu, shemeji."

"Nilikuuliza. Ukanijibu kweli, nikaikataa."

Gwakisa akainuka, akampa mkono. Baada ya siku chache alirudi kuendesha. Lakini Atu hakukanyaga kwa Tusekile mpaka mavuno yalipopita, wala hakuna aliyemlaumu. Na pale ukooni, kila mara mtu alipoanza kumnyooshea mwenzake kidole, mzee mmoja alimkatiza kwa maneno machache, nayo yakasambaa hadi vijiji vya mbali ambako hata pikapu yenyewe haikujulikana: panapotetema sipo penye kosa.