Mfagiaji wa Ukumbi Mtupu

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kufagia ukumbi wa mihadhara katika chuo kikuu. Jina lake Tusajigwe. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mlangoni na ndoo yake akingoja kipindi kiishe, na hakikuisha kwa wakati hata siku moja, maana wanafunzi walimbana profesa kwa maswali, wakabishana naye, wakatoka nje bado wanabishana, chakula wamekisahau. Naye akiwapisha aliokota neno moja au mawili, akaenda nayo nyumbani.

Kisha chuo kikanunua mitambo. Profesa akawa anaongea mbele ya kamera, na somo likamfuata kila mtu kwenye simu yake. Waliokuwa mia mbili wakawa elfu tisa. Lilikuwa jambo jema. Hata binti yake Tusajigwe alisoma hivyo huku ananyonyesha, akahitimu. Mama mwenyewe naye akawa anayasikiliza masomo akimenya ndizi. Siku moja sauti ilisema kwamba shamba ni la aliyeliandikisha. Tusajigwe, aliyelima shamba la marehemu mumewe mpaka shemeji alipokuja na hati, aliweka kisu chini akauliza, "Na aliyelilima je?"

Sauti ikaendelea na mengine.

Ndipo alipoitamani ile kelele ya ukumbini, kama mtu anavyowatamani ndugu waliohama.

Kesho yake aliingia kufagia, ingawa vumbi lilikuwa haba. Profesa alikuwa peke yake, ameikabili kamera. Alisema maneno machache, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye viti. Tusajigwe akaegemeza ufagio ukutani, akaketi safu ya mbele.

"Samahani, profesa," alisema, "pale kwenye shamba sijaelewa, na wala sikubali."

Profesa akazima kamera. Akashuka jukwaani, akaketi karibu naye, wakabishana mpaka adhuhuri.

Somo halikurushwa. Watu wakapiga simu kutoka kila pembe ya nchi kuuliza mtandao una nini, na mkuu wa chuo akawaomba radhi, akasema siku hiyo chuoni hapakufundishwa kitu.

Nanyi mnaonisikiliza, je, alisema kweli?